Spika Ndefu Kwenye Kona

Spika za kusimama sakafuni zinazonunuliwa kwa ajili ya sebule ya familia huchaguliwa na zaidi ya mtu mmoja, na mara nyingi macho hutangulia masikio. Hilo halina ubaya. Kitu chenye kimo cha mita moja na ushei, ambacho kila mgeni atakiona kwa miaka mingi, kina haki ya kupendeza. Ubaya huanza siku ya kuzipanga. Njia ya kwenda jikoni ikishaonekana kuwa finyu, spika husukumwa kwenye kona mbili za ukuta wa TV, waya hufichwa nyuma ya kabati, na kazi huhesabiwa imekwisha. Uamuzi huo huharibu zaidi kuliko kununua spika za nusu ya bei, na sababu zinazotolewa kuutetea karibu zote hugusa mahali pasipouma.

Nguvu ya macho katika jambo hili imepimwa. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa katika kampuni ya Harman, walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watu spika zilezile mara mbili: mara moja zikiwa nyuma ya pazia, mara nyingine zikiwa wazi mbele yao. Pazia lilipoondolewa, spika kubwa na nzuri zilipanda alama na iliyokuwa ndogo na rahisi ikashuka, ingawa hakuna kilichobadilika ndani ya maboksi. Kwa hiyo spika nzuri iliyowekwa vibaya huchelewa kushtakiwa. Kwa miezi kadhaa wenye nyumba hulaumu rekodi, kisha amplifaya, kisha waya, na kona yenyewe haiguswi.

Sebule ya kuchambuliwa ni ya aina inayojengwa kwa wingi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa: urefu mita 5, upana mita 4, dari mita 2.8, kuta za matofali ya saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae, dirisha kubwa la vioo, na seti ya makochi iliyoegemezwa ukutani. Spika ni za njia tatu, zenye boksi lililovikwa mbao halisi, wufa mbili (vipaza vya sauti nzito) katika kila spika na tundu la hewa mgongoni. Amplifaya inamudu mzigo wa omu 4 bila kuhema, na nyaya ni nene na fupi. Mpaka hapo kila kitu kimechaguliwa sawasawa.

Ukuta wa TV ndio wenye mita 4, na kabati la mita 2.4 limekaa katikati yake. Spika yenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 35 inasukumwa hadi ibaki sentimita 20 nyuma yake na sentimita 40 pembeni. Kwa macho mpangilio huo ni safi kabisa: pande mbili zinalingana, hakuna kinachochomoza, mtoto anapita bila kujikwaa. Sasa vipimwe vipimo ambavyo hakuna aliyevipima siku ile. Kutoka ukuta wa nyuma hadi uso wa wufa ni sentimita 55. Kutoka ukuta wa pembeni hadi katikati ya wufa ni sentimita 55. Kutoka sakafuni hadi katikati ya wufa hizo mbili, tena ni sentimita 55.

Ulinganifu huo wa vipimo vitatu ndio kiini cha kosa. Wufa hutoa sauti nzito kila upande, haielekezi mbele peke yake. Sauti inayokwenda nyuma hugonga ukuta na kurudi. Inaporudi ikiwa imechelewa kwa nusu ya urefu wa wimbi, huikuta ile inayotoka mbele ikiwa kinyume nayo, na mbili hizo hufutana. Ukuta ukiwa umbali wa sentimita 55, safari ya kwenda na kurudi ni mita 1.1. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo mfutano huangukia kwenye hezi 156. Ukuta mmoja peke yake haudhuru sana, kwa kuwa jumla ya nguvu inayoingia chumbani hupungua kwa desibeli moja hivi. Lakini nyuso tatu zikiwa umbali mmoja, mashimo matatu huangukia mahali pamoja, na nguvu ya sauti hushuka kwa desibeli 11 hivi kati ya hezi 155 na 180. Kwenye hezi 50 nyuso hizohizo tatu hufanya kinyume chake: huongeza karibu desibeli 8. Kutoka kilele hadi shimo ni desibeli 19, ndani ya oktava mbili tu.

Hezi 155 hadi 180 si eneo la pembeni ambalo mtu anaweza kulisamehe. Hapo ndipo ulipo mwili wa sauti ya mwanamume anayezungumza. Uzi wa nne wa gitaa, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 147, na noti zinazofuata juu yake zinaingia shimoni moja baada ya nyingine. Rekodi za bendi ya TPOK Jazz zikichezwa kwenye sebule hii, kiongozi wake Franco anapoongea juu ya gitaa lake, kifua chake hakipo. Kinachobaki ni midomo na pua, huku gitaa la besi likinguruma chini kama gari lililosimama nje ya dirisha. Taarifa ya habari nayo inasomwa na mtu aliyekonda. Wenye nyumba husema spika zina besi nyingi, wakati tatizo kubwa zaidi ni kile kilichotoweka juu ya besi.

Kona huongeza dhambi ya pili. Kila chumba kina masafa ambayo kuta zake huyabeba. Kwa urefu wa mita 5 ni hezi 34 na 69, na kwa dari ya mita 2.8 ni hezi 61. Kona ndipo mahali penye nguvu zaidi ya kuyaamsha yote kwa pamoja. Hezi 43 za upana hupunguzwa na jozi yenyewe ikiwa kushoto na kulia vinalingana na spika zote mbili zinacheza besi ileile, na huo ndio msaada pekee ambao ulinganifu unautoa hapa. Zile za urefu haziponi, kwa sababu kochi la msikilizaji limebandikwa kwenye ukuta ulio nyuma yake, na ukutani ndipo shinikizo la mawimbi hayo lilipo juu kabisa. Noti za gitaa la besi zilizo jirani na hezi 69 hutoka kubwa kuliko nyingine, na mpigaji hodari husikika kama mtu asiyejua kupima mkono wake.

Utetezi wa kwanza unaosikika kila mara ni wa tundu la hewa. Inasemwa kwamba kosa lilikuwa kununua spika zenye tundu nyuma, na kwamba zenye tundu mbele zingekaa konani bila shida. Imani hii imeenea hadi madukani na imeuza spika nyingi zisizostahili. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6. Kwa wimbi la ukubwa huo, tundu likiwa mbele au nyuma ya boksi lenye kina cha sentimita 35 ni kama lipo mahali pamoja. Tundu la nyuma linahitaji sentimita chache za kupumulia, na sentimita 20 zinatosha. Shimo la hezi 156 halikuletwa na tundu. Limeletwa na umbali wa wufa, na spika ya tundu la mbele, hata ile iliyofungwa kabisa, ikisimama palepale italichimba vilevile.

Kwa sababu hiyohiyo, kuziba tundu kwa sponji hupunguza ngurumo ya chini kabisa na kuacha sauti ya mtu ikiwa imekonda vilevile. Kupandisha desibeli 10 kwa programu ili kufukia shimo ni kuidai amplifaya nguvu mara kumi katika eneo hilo, na wufa ndizo zitakazolipa. Zulia nene na mapazia mazito ni lazima katika chumba cha vigae na vioo, kwa kuwa huondoa ukali wa juu na mlio wa makofi. Kuyatarajia yatibu besi ni kupaka rangi upepo: unene wao ni sentimita moja au mbili mbele ya mawimbi ya mita mbili na zaidi.

Walioujua ukuta walifanya kazi tofauti kabisa. Mwaka 1946 Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, alitoa Klipschorn, spika ya pembe inayotaka kona na isiyofanya kazi vizuri bila kona, maana kuta mbili za nyumba ndizo kipande cha mwisho cha pembe yake. Huko Sweden Stig Carlsson alichora spika za kukaa ukutani tangu mwanzo, na twita zake (vipaza vya sauti nyembamba) zikatazama juu badala ya kumkodolea msikilizaji. Aliyelieleza jambo lenyewe kwa hesabu ni Roy Allison, Mmarekani, katika makala ya mwaka 1974 kuhusu jinsi kuta zinavyobadilisha nguvu ya spika. Kisha akaunda spika zilizoitii hesabu hiyo: katika Allison One, wufa zilishushwa chini na kusogezwa karibu na ukuta, ili shimo lipande hadi kwenye masafa ambayo si kazi ya wufa tena. Peter Walker alikwenda njia ya upande wa pili. Paneli yake ya Quad ya mwaka 1957 hutoa sauti mbele na nyuma kwa kiwango kimoja, na haikuwahi kujifanya rafiki wa ukuta.

Ukilinganisha na hao, mtindo wa sasa wa spika ndefu na nyembamba unahuzunisha. Boksi hulainishwa liingie sebuleni kama samani, hupimwa katika chumba kisicho na mwangwi, huonyeshwa dukani likiwa limetolewa mita moja na nusu kutoka ukutani, na kijitabu chake hutaja umbali wa ukuta kwa mstari mmoja ambao hakuna anayeusoma. Sura inasema liwekwe kando ya kabati, na uhandisi unasema lisiwekwe hapo. Franco Serblin, mwanzilishi wa Sonus faber ya Vicenza, alitengeneza maboksi mazuri kuliko yote ya kizazi chake, na umbo lake la kinanda cha nyuzi lilitangaza wazi kwamba chombo hicho ni cha kusimama peke yake, hewa ikipita pande zote. Uzuri wa namna hiyo haumdanganyi mnunuzi. Rangi nyeusi ya kung'aa inayopendwa leo, ambayo usiku hurudisha picha ya TV kwenye kila ubavu, haina hata sifa hiyo.

Bang & Olufsen wanastahili kutajwa kwa kulikabili tatizo badala ya kulificha. Spika yao ya Beolab 5 ya mwaka 2003 ilikuwa na mikrofoni yake ya kupima chumba na kurekebisha besi kulingana na mahali iliposimama. Kwa nyumba ambayo kona ndiyo nafasi pekee iliyopo, spika za aina hiyo, au zile zilizochorwa kwa ajili ya ukuta, ndizo chaguo halali.

Kwa jozi iliyokwisha kununuliwa, dawa imo kwenye vipimo, na haihitaji kuigeuza sebule kuwa studio. Umbali wa wufa kutoka sakafu, ukuta wa nyuma na ukuta wa pembeni usilingane, na mmoja usiwe maradufu ya mwingine. Katika chumba hiki sakafu imeshaamua sentimita 55. Spika zikivutwa mbele sentimita 20 tu, ukuta wa nyuma unakuwa 75. Zikisogezwa ndani sentimita 45, ukuta wa pembeni unakuwa 100. Shimo la desibeli 11 linasambaa na kubaki chini ya desibeli 4, karibu na hezi 120, kina ambacho sikio hukisamehe. Spika zinaachana mita 2 katikati kwa katikati, umbali unaofaa kwa msikilizaji aliye mita mbili na nusu hadi tatu mbele yake. Njia ya jikoni imepoteza sentimita 20.

Kinachogoma ni kabati. Kati ya spika mbili sasa kuna mita 1.7, na kabati la mita 2.4 haliingii. Hapo ndipo mazungumzo ya familia yanapotakiwa kufanyika, kwa sababu kabati la mita 1.6 na TV iliyotundikwa ukutani ni mambo rahisi kukubalika kuliko spika kuchomoza. Kochi kuu nalo livutwe nusu mita kutoka ukuta ulio nyuma yake, na hezi 34 na 69 zitapungua bila kununua chochote. Kwenye vigae miguu ya mpira inafaa kuliko misumari, na penye watoto wadogo kitako kipana ni lazima, maana spika za aina hii huweza kuzidi kilo 30. Kitambaa cha mbele ya spika nacho kibaki mahali pake mchana, watoto wanapocheza.

Mabadiliko hayo huonekana hata kwa mikrofoni ya simu yenye programu ya kuonyesha masafa. Simu ishikwe kwenye usawa wa sikio la anayekaa katikati ya kochi, ichezwe sauti ya mvumo wa kupimia, na mstari kati ya hezi 100 na 200 utazamwe kabla na baada ya kuzisogeza spika.