Chuma cha Nyonga Huchaguliwa na Mahali Mfupa Ulipovunjika

Mtu akivunjika nyonga Tunduma, ndugu huuliza atawekewa chuma gani. Daktari wa mifupa huanzia kwingine: mfupa wa paja umekatika wapi?

Ukikatika shingoni, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika nao. Kichwa kikikosa damu hufa, hata skrubu zikae vizuri namna gani. Kwa kijana wa bodaboda, daktari hujaribu kuokoa kichwa hicho cha mfupa kwa skrubu. Mzee ambaye vipande vyake vimeachana huwekewa kichwa bandia, au kiungo kizima pamoja na kikombe chake. Utafiti wa HEALTH wa 2019, uliofanyika katika nchi 10, ulikuta waliopasuliwa tena ndani ya miaka miwili ni asilimia 7.9 kwa kiungo kizima na 8.3 kwa kichwa peke yake. Kwa bibi anayetoka chumbani hadi uani, naona kichwa kinatosha.

Chini ya shingo, kwenye trokanta, damu ipo tele na mfupa huunga. Shida ni mzigo. Pleti ya DHS hufungwa ubavuni mwa paja, na skrubu yake nene huteleza ndani ya mrija, hivyo mgonjwa akikanyaga vipande hushindiliana. Msumari hupita ndani ya uboho, karibu zaidi na njia ya uzito. Ukuta wa nje wa mfupa ukiwa umepasuka, au ufa ukiinama kinyume, pleti hushindwa na msumari ndio wa kutegemea. Pasipo hayo, sioni sababu ya familia kuuza ng'ombe kwa ajili ya msumari: utafiti wa INSITE wa 2023, wenye wagonjwa 850, haukuona tofauti ya hali ya maisha baada ya mwaka mmoja.

Kinachoamua zaidi ni ncha ya skrubu imefika wapi. Mwaka 1995 Baumgaertner na wenzake walipima mivunjiko 198: umbali wa ncha hadi kilele cha kichwa, ukijumlishwa kwenye picha mbili, ulipokuwa milimita 25 au pungufu, hakuna skrubu hata moja iliyotoboa kichwa. Kipimo hicho hakipatikani kwa kukisia; huhitaji eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Shirika la SIGN la Marekani lilijibu ukosefu wa eksirei hiyo kwa msumari unaolengwa kwa fremu ya nje, bila eksirei ya mezani, na taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili imeutumia kwa miaka mingi.

Mkoa wa Songwe, ilipo Tunduma, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini rufaa ngumu bado hupanda Mbeya, kilomita kama 100 kutoka Tunduma, kwenye barabara ileile ya malori yaendayo Nakonde, Zambia. Kila siku ya kulala ukisubiri upasuaji, mguu ukivutwa kwa uzito, huleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda. Ningeulizwa cha kununulia hospitali ya mkoa, ningetaja eksirei ya chumba cha upasuaji kwanza, kisha seti za DHS zenye skrubu za urefu wote. Misumari ingefuata.