Hongera kwa Wapiga Kelele wa Mfereji
Wapo wanaosema tamasha la boti mferejini ni makelele na msongamano tu, na kwamba wanaoishi ndani ya boti hizo nyembamba, zenye upana wa mita 2 hivi, hawapati usingizi wikendi nzima. Ni kweli. Hata hivyo, chama cha Inland Waterways Association, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1946, kinastahili pongezi kwa makelele hayo hayo. Tamasha lake la Market Harborough, mwaka 1950, liliwaonyesha watu kwamba mifereji iliyokuwa ikiachwa ijae tope na magugu bado ina wenyewe. Boti zikipita, mtu huzungusha mpini wa chuma, vilango vya kupitishia maji hufunguka, na penye ubovu huonekana. Zisipopita, wakubwa hupata kisingizio cha kufunga mfereji. Msongamano ndio ulinzi. Anayetaka usingizi na asogeze boti yake mbele kidogo.