Tulifunzwa kumwogopa Mkwaju

Mkwaju ni dereva wa lori. Nyumbani ana mke, Tunu, na njiani ana wanawake kila anapoegesha. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza kutuletea vituko vyake mwaka 1993 kupitia Radio Tanzania, mara mbili kwa wiki, na mwisho wake hata wewe waubashiri: aliugua UKIMWI. Kwa kazi uliyotumwa, mchezo ulifaulu. Watafiti waliuzuia usisikike Dodoma hadi 1995 wapate kulinganisha, na kwingine uliposikika watu walieleza kuwa wamepunguza wapenzi na wanatumia kondomu zaidi.

Sina ugomvi na matokeo hayo. Ugomvi wangu ni na Mkwaju mwenyewe.

Mbinu ilitoka Mexico, kwa Miguel Sabido: awepo mhusika mwema, awepo mbaya, na katikati wawepo wanaoyumba hadi waamue. Mbaya sharti aadhibiwe, msikilizaji akisikia. (Bibi zetu walishaijua hiyo kwenye ngano, lakini haya.) Shida yake utaiona ukikaa Kibarani, pale matrela ya bandarini yanapopita usiku na mchana kuelekea Changamwe. Hapo UKIMWI una sura: mwanamume wa makamo mwenye kitambi, ashuka kwenye trela. Basi yule barobaro wa nyumba ya tatu, apiga hodi kwa adabu, aamkia wazee, huyo hana neno! Wakati kisonono chaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote, kaswende pia, na virusi vya UKIMWI hukaa kimya miaka. Adabu si kipimo. Mbaya wa mchezo hutufunza kumtambua mtu, na tulichohitaji kutambua ni kitendo.

Shuga ya MTV, 2009, ilirekebisha hilo kidogo. Lupita Nyong'o, kabla Hollywood haijamjua, alicheza Ayira, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ghafla hatari iko kwa watu wazuri, wasomi, ambao ungependa wawe marafiki zako. Hapo naipa heko. Ila ni Nairobi tupu: vilabu, magari, Kiingereza kilichonyunyiziwa Sheng. Sisi huku tuliitazama kama mtu anavyochungulia harusi ya wenyewe dirishani.

Halafu kuna suala la adhabu. Mwaka 1993 mwisho wa Mkwaju ulikuwa ndio ukweli wenyewe. Leo mtu anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hadithi ya dhambi na kaburi imepasuka katikati, na bado mgeni akija kusema na "vijana" atasimulia mifupa na majuto.

Mchezo ninaoutaka mimi uanze hivi. Msichana wa Kibarani, Ijumaa saa tano usiku, mpira umepasuka. Dawa za PEP lazima zianze kabla ya saa 72 kwisha, na mapema ndio bora, kisha azimeze siku 28. Jumamosi kuna shughuli kwao, hapati upenyo. Jumapili nauli hana. Jumatatu asubuhi yuko kwenye foleni ya kliniki, zimebaki saa kumi na kitu, na nyuma yake amesimama jirani yao, yule mama wa mahamri.

"Kwani waumwa, mwanangu?"

Hapo hakuna dereva wa kumchukia. Nataka kusikia atajibu nini.