Luther na Machozi ya Yesu Juu ya Yerusalemu

Mwaka 1537 Martin Luther alimwandikia Wolfgang Capito kwamba, katika vitabu vyake vyote, vinavyostahili kubaki ni Katekisimo na kile alichoandika juu ya utumwa wa hiari. Katekisimo tunaijua, tuliikariri kabla ya kipaimara. Kitabu cha pili husifiwa sana na husomwa kidogo. Nimekifundisha chuoni na ninakiheshimu, lakini kuna mahali kinamwacha mchungaji bila neno la kusema.

Kilitoka mwaka 1525 kumjibu Erasmus wa Rotterdam, aliyekuwa ameitetea hiari ya mwanadamu mwaka uliotangulia. Swali la Erasmus wahubiri wetu wengi hulitumia bila kumjua mwenyewe: ikiwa mtu hawezi kuchagua, Mungu anamwamuru nini? Luther anajibu kwamba amri huonyesha tunachopaswa, si tunachoweza. Tabibu, asema, anaweza kumwagiza mgonjwa anayejiona mzima afanye jambo lisilowezekana, ili atambue ugonjwa wake. Hapo Luther ana haki. Wala hasemi kwamba sisi ni mawe: katika mambo yaliyo chini yetu, kama mali na nyumba, mtu anachagua, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linasema vivyo hivyo. Asichoweza ni kujigeuza mwenyewe amwelekee Mungu.

Taabu inaanza Mathayo 23:37, Yesu anapouombolezea Yerusalemu kwa kuwa alitaka kuwakusanya watoto wake nao hawakutaka. Luther anasema huyu ni Mungu aliyefanyika mwili, naye analia kweli. Lakini yuko pia Mungu aliyefichika katika enzi yake, ambaye kwa mapenzi yake huwaacha wengine wapotee, na huyo tusimchunguze.

Hapa simfuati. Mama aliyemzika kijana wake aliyeacha kanisa miaka mingi haulizi habari za Erasmus. Anauliza kama Mungu alimtaka mwanawe. Nikimwambia kwamba Yesu alilia lakini nyuma yake yuko mwingine asiyelia, nimemnyang'anya Yesu. (Ule msemo wetu wa misibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, mara nyingi humhubiri huyo huyo aliyefichika, tena kwa kipaza sauti.)

Wafuasi wa Calvin waliokutana Dordrecht mwaka 1618 na 1619 walisema waziwazi: Mungu amewachagua baadhi, wengine amewapita. Angalau hawakuzungukazunguka. John Wesley aliyashambulia mafundisho hayo katika hubiri la mwaka 1739. Kwake neema humtangulia kila mtu na kumwezesha kuitika. Ni habari njema mpaka unapofika kwa yule mama. Sasa atauliza kama mwanawe alishindwa tu kuitika, na mzigo wote umerudi juu ya marehemu.

Warithi wa Luther walioandika mapatano ya mwaka 1577 wanakisifu kitabu chake, lakini papo hapo wanatuelekeza kwenye maelezo yake ya Mwanzo 26, ambapo Luther mzee anawaonya wanaochunguza uteule na kuwapeleka kwenye majeraha ya Kristo. Tena wanakataa kumpa Mungu mapenzi mawili yanayopingana. Anayeokoka ameokolewa kwa neema tupu. Anayepotea hakupotea kwa sababu Mungu hakumtaka. Kwa nini basi huyu na si yule? Hawajibu.

Wanafunzi wangu huita huko kukwepa, na kwa mantiki sina cha kuwabishia. Ila kwa maungamo hayo naweza kumwambia yule mama, nikimtazama usoni, kwamba Mungu alimtaka mwanawe na angali ni Mungu yule yule aliyelia. Zaidi ya hapo sikupewa ruhusa ya kusema, wala kumtangaza kijana kuwa yuko mbinguni, wala kumpeleka kwingine.