Chai Chini ya Miguu ya Simba

Toa ashuu mfukoni. Usiiangalie kama makanga anavyoiangalia, isome. Upande mmoja kuna simba, upande wa pili nembo ya taifa. Sasa isogeze karibu na macho, chini kabisa ya nembo, pale simba wengine wawili waliposimama na mikuki yao. Wamekanyaga mlima, na mlima huo, kwa mujibu wa nembo rasmi, una kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Ukinionyesha chai ni ipi kwa macho matupu, nakununulia chai ya kunywa. Na mandazi.

Dai langu ni hili: sarafu zetu ni maandishi, na yamehaririwa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Wakusanyaji wa sarafu huzijua tofauti ndogo ndogo kati ya toleo na toleo, lakini wengi huzitafuta kwa sababu ya bei. Kila baada ya muda unazuka uvumi mtandaoni, ati shilingi fulani ya zamani inauzwa mamilioni, na watu wanapekua makabati. Mimi nasema tofauti hizo tuzisome kama tunavyosoma mistari iliyofutwa katika mswada. Nani aliondolewa? Nani aliongezewa cheo? Na nani hajawahi kuandikwa?

Huku kwetu Bomet na kule Kericho, nyumba nyingi za wazee hazikosi mkebe. Wa kogo wangu, Silibwet, ulikuwa na ndururu na peni zilizoacha kununua kitu kabla mama yangu hajaolewa. Ukizimwaga mezani unaona rundo la kitu kimoja: shaba, tundu katikati, pembe mbili za ndovu zikilizunguka tundu. Ndiyo maana watu husema zote ni sawa. Geuza.

Upande wa taji umeandikwa jina la mfalme kuzunguka tundu. Kuna George wa Tano. Kuna George wa Sita, ambaye kwanza anaitwa pia mfalme mkuu wa India, kwa Kilatini kilichokatwakatwa ili kitoshe. Kisha India inapata uhuru 1947 na maneno hayo yanatoweka. Halafu anakuja Elizabeth, na Kilatini kinaondoka, Kiingereza kinashika. Halafu toleo la 1964: hakuna jina la mtawala. EAST AFRICA tu. Himaya nzima imebomoka kwenye kitu unachoweza kukimeza, na pembe za ndovu upande wa pili hazikutikisika.

Ninayoipenda zaidi ni ya 1936, yenye jina la Edward wa Nane. Huyu alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akakiacha Desemba hiyo hiyo. Kwao Uingereza hakuwahi kuwa na sarafu yake mikononi mwa watu. Huku alikuwa nazo, kwa sababu peni yetu haikuhitaji sura yake, jina lilitosha. Fikiria basi: mtu wa Sotik anapokea peni ya mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakuwahi kumtumia sokoni. Wakusanyaji hapo hutafuta herufi ndogo, H au KN, zinazoonyesha kiwanda kipi cha Birmingham kiliipiga chapa. Wakati wa Vita vya Pili kazi ilipelekwa pia Bombay, herufi I, na Pretoria, herufi SA. Herufi hizo ni ramani ya nani alitutengenezea pesa, na hakuna hata moja ya Afrika Mashariki.

Kogo alipoulizwa hizi zilikuwa za nini, alijibu neno moja: kodi. Hapo ndipo usomaji wa sarafu unapoacha kuwa mchezo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na mashamba makubwa ya chai ya Kericho yakaanza muongo huo huo. Ni marika. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya nyumba kwa pesa taslimu. Pesa taslimu zilipatikana kwa mwajiri. Na mwajiri alikuwa amekaa juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya Wakipsigis. Peni ilitoka shambani, ikapita mkononi mwa mchumaji, ikarudi kwa serikali. Tundu lake lilifaa kutungiwa uzi, lakini nahisi mara nyingi haikukaa kwenye uzi muda mrefu.

Tukaja kwenye zetu. Sarafu za kwanza za Kenya ni za 1966. Shika ya 1966 na ya 1969, zipange pamoja. Kichwa ni kile kile cha Kenyatta. Lakini ya kwanza imekiacha kichwa peke yake, bila neno pembeni. Ya 1969 imekizungushia maandishi kwamba huyu ndiye rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta. Kwani kuna aliyekuwa hamjui? Mwaka huo Tom Mboya aliuawa na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Sisemi mchongaji alipewa amri kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba sura isiyohitaji maelezo ilianza kuelezwa, na cheo kikaanza kuchukua nafasi iliyokuwa tupu.

1980 ikaja sura ya Moi. 2005 Kenyatta akarudi. Vichwa vilibadilishana zamu mpaka Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kikasema basi: pesa zinaweza kubeba picha inayoonyesha Kenya, lakini si sura ya mtu binafsi. Desemba 2018 tukaona matokeo: twiga kwa bob, kifaru kwa ngovo, simba kwa ashuu, ndovu kwa mbao.

Zimechongwa vizuri, sitabisha. Lakini kama mhariri, naona tumetoa mtawala tukaweka brosha ya watalii. Pembe za mkoloni zimerudi, safari hii zikiwa na ndovu mzima. Noti ya mia ilipewa kilimo mwaka uliofuata, sawa, sarafu hazikupewa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ashuu iliwahi kujua. Noti ya shilingi kumi ya 1966, nyuma yake, ilikuwa na wachumaji wa chai, wamejipanga shambani wakifanya kazi. Baadaye waliondolewa, kumi yenyewe ikageuka sarafu, na leo mahali pao ananguruma simba.

Utaniambia wachumaji sasa wanalipwa kwa simu na mashine zinakula vibarua vyao, kwa hiyo sarafu ni ya nini? Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Kazi ikianza kufutika shambani, ikiwa haikuandikwa popote, itafutika mara mbili.

Na sheria haizuii. Katiba imekataza sura, na mkono hauna sura. Majani mawili na chipukizi katikati ya vidole: hiyo ni Kenya, inatosha kwenye duara, na hata mtoto wa darasa la kwanza Litein angeitambua bila lenzi.