Kwetu Katika Kitabu cha Tippu Tip

Mtu aliyehama kwao husoma akitafuta. Kila kitabu kitajacho nchi yake hukifungua kwa pupa. Sisi wenyeji wa Kibombo tulio mbali ndivyo tulivyo. Na kwa kuwa vitabu vya Kiswahili vyenye habari nyingi za Maniema ni vichache, hatuwezi kukipita kile cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Mwenyewe alikuwa amehama Maniema: aliiacha mwaka wa 1890, akarudi Unguja, akaandika maisha yake, akafariki mwaka wa 1905. Kitabu kilitolewa tena mwaka wa 1966 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley.

Tukisifu kwanza. Kiswahili chake ni chepesi na safi. Sentensi ni fupi, hakuna mapambo. Mwandishi anasema alikokwenda, aliyeonana naye, na vita vilivyotokea. Vijana wanaojifunza kuandika habari wangefaidika nacho.

Lakini mwenye kukisoma ili aione nchi yake ataona njaa. Pembe za ndovu zinahesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Waliozibeba pembe hizo hawahesabiwi hivyo. Wanawake shambani, wavuvi wa Lualaba, wazee barazani, hawa wote hatuwasikii wakisema.

Tazameni kisa cha Utetera, upande wa Lomami, nchi ya Watetela, ambao ni ndugu wa Wakusu wa Kibombo kwa asili. Sultani Kasongo Rushie alikuwa mzee, na ndugu zake wa kike walikuwa wametekwa zamani. Tippu Tip akajitokeza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Wachambuzi wengi wanakiona kisa hicho kuwa cha kubuni. Lakini mzee alimpokea, akamkabidhi utawala, na pembe nyingi zikafuata. Mwandishi anatueleza alichopata. Huzuni ya mzee aliyengoja ndugu yake miaka mingi haelezi. Hapa ndipo penye uzito wa kitabu chote, naye anapapita kama mtu avukaye kijito. Alijua nguvu ya kutamani jamaa aliyepotea, akaifanya mtaji wa biashara.

Hao waliopotea walikuwa kweli. Wengi waliondoka Maniema wakiwa watumwa, wengine wapagazi au askari wa misafara. Wajukuu wao wako Ujiji, wako Dar es Salaam, wako Buyenzi mjini Bujumbura, na hata leo huitwa Wamanyema. Wengi wao hawajaiona Lualaba, lakini jina hawakulitupa. Kwa maoni yetu jina hilo moja lina mapenzi ya nchi kuliko kurasa nyingi za kitabu kile.

Je, sisi tunafanya vema zaidi? Tukikutana Kindu, Bukavu au Kinshasa, tunaisifu Kibombo: wali wake, sombe yenye mawese, samaki, stesheni ya gari la moshi. Ni tamu kusikia. Walakini sifa hizo nazo ni hesabu ya mali. Tumeacha pembe, tumeshika samaki. Nani alilima mpunga ule? Nani alitwanga sombe ile? Na yule mama aliyebaki, anaishije barabara inapoharibika na gari la moshi halijaonekana siku nyingi? Sifa isiyomtaja aliyebaki yatufurahisha sisi tuliohama tu, yeye haimfikii.

Basi, ndugu wasomaji, kisomeni kitabu cha Tippu Tip, maana hatuna ushahidi mwingine wa namna yake kwa lugha yetu. Kisha chukueni daftari, mwende kwa wazee wenu wangali hai, mwandike majina: ya vijiji, ya watu, na ya waliochukuliwa wasirudi. Andikeni na yale machungu. Kazi hiyo Tippu Tip hakutufanyia, wala haikuwa yake. Ni yetu.