Picha za Ukoo Ziliharibikia Grupuni

Mliofuatilia kazi ya familia moja ya Chumbageni, Tanga, ya kukusanya picha za ukoo, tangu Idi ya 2024 hadi usiku wa kuzionyesha kwa projekta ukumbini, mmeona kitabu cha picha kilivyopendeza na mmesikia vigelegele. Wengi mmeniandikia mkisema huu ndio mfano wa kuigwa na kila ukoo. Sikubaliani nanyi. Kazi ile iliharibika kabla kompyuta haijawashwa, na kilichoiharibu ni ujumbe mmoja wa Ijumaa, tarehe 12 Aprili, ambao admini wa WhatsApp ya familia aliuandika kwa nia safi kabisa: kila mwenye picha za zamani azitume humu grupuni, tutazipanga baadaye.

Tuutazame ujumbe huo polepole, maana watu wameupita haraka mno. Wakati unatumwa, familia ile ilikuwa na hali nzuri kuliko koo nyingi ninazozijua. Mjomba wa Korogwe alikuwa bado na kadi ya kamera yake, yenye harusi nzima ya 2009. Shangazi wa Muscat alikuwa na picha za hitma ya babu, za mwaka 2012, alizozihamisha kwa uangalifu kutoka simu moja hadi nyingine kila alipobadilisha. Binamu wa Dar alikuwa na picha za watoto wake kwenye simu iliyokaribia kujaa. Zote hizo zilikuwa picha asili: faili zile zile zilizotoka kwenye kamera, zenye pikseli zao zote na EXIF yao, yaani taarifa ambazo kamera huziandika ndani ya faili. Admini, akiwa mkusanyaji, alikuwa na jukumu moja tu, kuzichukua bila kuzigusa. Yeye akaagiza zipitishwe mahali panapozibana na kuzifutia taarifa zao, na kilichotokea upande wa pili ndicho kikaitwa mkusanyo wa ukoo.

WhatsApp siilaumu. Imetengenezwa ili ujumbe ufike upesi kwa bando dogo, na hilo inaliweza. Picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000, ukiituma kwa njia ya kawaida hufika ikiwa na pikseli 1600 hivi kwa upande wake mrefu. Pigeni hesabu: 1600 kwa 1200 haifiki sehemu moja ya sita ya ile ya kwanza. Kwenye kioo cha simu tofauti haionekani, ndiyo maana hakuna aliyelalamika wiki ile. Karatasi haifichi. Mchapaji mzuri anataka pikseli 300 kwa kila inchi, na pikseli 1600 zinatosha inchi tano na kidogo, picha ya kushika mkononi. Kitabu kile kilichapwa A4 ya kulala, picha moja kila ukurasa, kwa hiyo kila inchi iliambulia pikseli zisizofika 140. Mliokishika mmeona kanga za akina mama wa harusini: rangi zipo, maandishi hayasomeki hata moja. Nimesikia mchapaji akilaumiwa. Mchapaji alichapa alichopewa. Kitufe cha HD kilikuwepo tangu Agosti 2023, na hata hicho bado hubana; lakini ujumbe wa admini haukukitaja, na mtu asiyeambiwa hutuma kama alivyozoea.

Ukubwa, hata hivyo, ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni tarehe. Kamera inapopiga picha huandika ndani ya faili yenyewe siku, saa, dakika na sekunde, aina ya kamera, na kwa simu nyingi hata mahali. WhatsApp huyaondoa hayo picha inapotumwa, na ina sababu ya maana, kwa kuwa si kila unayemtumia picha anapaswa kujua nyumba yako ilipo. Halafu simu inayopokea huipa faili jina jipya, mfano IMG-20240412-WA0007.jpg. Tarehe iliyo kwenye jina hilo ni ya kupokelewa. Harusi ya 2009 ikawa ya Aprili 2024. Hitma ya 2012 ikawa ya Aprili 2024. Mtoto aliyezaliwa juzi na bibi aliyepigwa picha akiwa msichana wakaingia mwezi mmoja, mwaka mmoja.

Matokeo yake mliyaona wenyewe ukumbini. Programu ilipanga picha kwa tarehe, kama programu nyingi zinavyopanga. Shangazi alituma za hitma Ijumaa ile ile, mjomba akatuma za harusi Jumapili. Basi ukumbi mzima ukaonyeshwa kwanza hitma ya babu, majamvi yametandikwa na watu wakisoma, na dakika chache baadaye babu huyo huyo akatokea amevaa kanzu na kofia mpya, amekaa kati ya mashehe akisubiri ndoa ya mwanawe. Bibi alikuwa kiti cha mbele. Wapo walioniambia kwamba hilo ni jambo dogo la kiufundi. Mimi nasema kazi nzima ya kupanga picha za familia ipo kwa ajili ya kuzuia jambo hilo hilo.

Na msiniambie kwamba tarehe zinaweza kuwekwa baadaye. Kauli hiyo nimeipinga katika safu hii kwa miaka, na nitaendelea kuipinga. Kamera ya mjomba ilikuwa na saa mbovu: betri ikitolewa muda mrefu, saa hurudi mwanzo, na picha za harusi zikaandikwa mwaka ambao kamera yenyewe ilikuwa haijaundwa. Vijana wa familia walilitumia hilo kama hoja, kwamba EXIF yake ilikuwa ya uongo hata hivyo, kwa hiyo kilichopotea si kitu. Hoja hiyo ni dhaifu. Saa mbovu inakosea kwa kiasi kile kile kwenye kila picha. Ukijua saa ya kweli ya picha moja tu, tuseme ile ya kusaini cheti, unapata tofauti, unaiingiza kwenye ExifTool ya Phil Harvey, programu ya bure, na picha zote za siku ile zinasogea kwa pamoja hadi mahali pake, kwa amri moja. Kama kuna kamera ya pili iliyopiga harusi hiyo hiyo, unazioanisha mbili hizo na unapata harusi nzima kwa mfuatano, dakika kwa dakika, bwana harusi akitoka kwao huku bibi harusi akipambwa. Tarehe ya uongo yenye mpangilio inatengenezeka. Tarehe iliyofutwa haitengenezeki. Inabaki kukisiwa, picha moja moja, na wazee wanaokumbuka tofauti.

Kosa la pili lilizaliwa na hilo la kwanza. Magrupu yalikuwa mawili, la upande wa baba na la upande wa mama, na vijana wawili tofauti ndio waliopokea. Kila simu huhesabu WA zake yenyewe na kila siku huanza upya. Kwa hiyo simu zote mbili zilikuwa na WA0007 ya tarehe 12, moja ikiwa bibi kisimani, nyingine ikiwa gari la binamu. Folda zilipomiminwa kwenye kompyuta moja, kompyuta iliuliza kama faili zenye jina moja zibadilishwe, na mtu akabonyeza ndiyo kwa zote. Picha ngapi zilizikwa hapo hakuna anayejua, kwa sababu hapakuwa na orodha ya zilizopokelewa. Na zile zilizotumwa kwenye magrupu yote mawili zikabaki mara mbili kwa majina mawili. Jina la faili lilianza kuwa tatizo pale tu jina la kamera lilipotupwa.

Wanaomtetea admini wanasema wazee hawajui njia nyingine, na kwamba muda ulikuwa mfupi. Njia nyingine zilikuwepo, na mojawapo kila mtu wa Tanga anaijua. Korogwe hadi Tanga mjini ni safari ya basi ya asubuhi moja. Kadi ya kamera ingefungwa kwenye bahasha, ikakabidhiwa kondakta, ikapokelewa stendi kabla ya adhuhuri, ikanakiliwa yote kama ilivyo na kurudishwa kwa basi la jioni. Shangazi wa Muscat angepandisha zake usiku kwenye Google Drive kwa intaneti ya nyumbani. Hata kama lazima iwe WhatsApp, tangu 2022 unaweza kutuma faili ya hadi gigabaiti 2 kama dokyumenti: picha haiguswi, EXIF inafika nayo, na simu haibadilishi kitu ndani yake. Maneno mawili tu, "kama dokyumenti", yangeongezwa kwenye ujumbe wa Ijumaa, na safu hii leo ingekuwa na habari nyingine.

Kazi iliyofuata ilikuwa safi: picha za karatasi ziliskaniwa kwa 600 dpi kwenye skana ya kioo, sauti ya bibi akitaja majina ya waliomo ikarekodiwa, nakala zikawa tatu, na hashi, alama ya kidijitali ya kila faili, zikalinganishwa. Kanuni ya 3-2-1 ya mpiga picha Peter Krogh ilifuatwa herufi kwa herufi, diski moja Chumbageni, nyingine Dar, na nakala moja klaudini. Lakini bakapu hulinda kile inachopewa. Sasa familia ina nakala tatu, zilizothibitishwa na kutunzwa mbali mbali, za picha zilizobanwa na zisizo na tarehe. Hashi inapolingana inakuhakikishia kwamba uharibifu umehifadhiwa bila kupungua hata baiti moja.

Wasomaji vijana hunikemea ninapotaja studio za zamani, lakini leo sina budi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. N. V. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa kuanzia miaka ya 1940. Mteja wa studio kama hizo aliondoka na picha ya karatasi, na negativu ikabaki dukani. Karatasi ingechanika, ingeliwa na mchwa, ingepelekwa Ulaya isirudi, lakini asili ilikuwa mahali pake na ungeweza kusafisha nyingine. Watu wale hawakumkabidhi mteja negativu na kubaki na karatasi. Familia ya Chumbageni ilifanya hivyo hasa: ilikusanya karatasi, na negativu ikaziacha zitawanyike kwenye simu za watu wanaofuta picha kila wakitaka nafasi.

Na Picasa, ile programu ya kupanga picha kwenye kompyuta, ndiyo, nitaitaja tena. Ilisoma tarehe ya EXIF yenyewe, ikapanga folda kwa miaka mbele ya macho yako, na ulipong'arisha picha iliandika mabadiliko pembeni ikaacha asili bila kuguswa. Mzee asiyejua kompyuta aliielewa ndani ya siku moja. Google waliinunua 2004 na wakaacha kuihudumia Machi 2016, na tangu hapo kizazi kizima kimejifunza kwamba picha ni kitu kinachotiririka kwenye simu, bila faili na bila folda. Ujumbe wa tarehe 12 Aprili ni tunda la mafunzo hayo. Mtu aliyezoea Picasa angeona folda yenye picha zote za mwezi mmoja na angeshtuka siku ile ile.

Nakala ya klaudini nayo ina jambo ambalo halijasemwa. Imewekwa kwenye akaunti binafsi ya kijana mmoja, kwenye zile gigabaiti 15 za bure ambazo barua pepe zake zinazila, na ambazo picha nazo zinazila tangu Google Photos ilipoacha kutoa nafasi isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Akaunti ya Google isiyotumika miaka 2 inaweza kufutwa, sera hiyo ilianza kutekelezwa Desemba 2023. Akihama, akibadilisha akaunti, au Mungu akimchukua, nani ana neno la siri? Kuna mpangilio wa kumtaja mtu wa kukabidhiwa akaunti ikinyamaza, na hadi usiku wa projekta ulikuwa haujajazwa. Jambo la dakika tano. Lijazwe.

Sasa kilichobaki. Simu ya binamu wa Dar imeshafutwa: aliona picha zimefika grupuni, akadhani zimehifadhiwa, akasafisha simu apate nafasi. Picha hizo za watoto zimebaki na pikseli 1600 tu, milele. Shangazi bado anazo za hitma. Kadi ya mjomba iko Korogwe ndani ya begi la kamera, haijafomatiwa, na inunuliwe leo kadi nyingine ya kumpa ili asiitumie hiyo kwenye harusi ya mwezi ujao. Basi la asubuhi lipo. Ikifika inakiliwe nzima pamoja na folda ya DCIM kama ilivyo, kisha picha zake zishikane na zile za WA kwa kuziangalia kwa macho, kwa kuwa jina wala hashi havitasaidia. Zile za WA zikae kwenye folda yao, na isifutwe hata moja mpaka ama ipate asili yake ama ithibitike kwamba asili haipo tena popote.